Kamera ya plastiki ya filamu: ipi ununue, na rangi ina uzito gani

Uliza mkanda kwanza, rangi baadaye. Kamera hizi za zamani zinafanana kwa wepesi na kwa lenzi ya plastiki. Ila nyingine zinakula filamu ya 120 (mkanda mpana kuliko ule wa kawaida wa milimita 35) inayotengenezwa mpaka leo, na moja inataka filamu ya 127, ambayo Kodak iliacha kuitengeneza mwaka 1995. Tumezipanga kwa kigezo hicho.

1. Holga 120N, nyeusi

Holga ya kwanza ilizaliwa Hong Kong mwaka 1982, kwa ajili ya familia za kawaida za China. Lenzi ni milimita 60, kasi ya shata (kilango kinachofunguka kuingiza mwanga) ni moja tu, takriban 1/100 ya sekunde. Umbali unauweka kwa kuzungusha lenzi mpaka kwenye alama: mtu mmoja ni mita 1, watu watatu mita 2, kundi mita 6, mlima ni mita 10 na kuendelea. Kadiria kwa hatua, maana kioo cha kuchungulia hakikuonyeshi kama picha imekaa sawa. Hakikuonyeshi pia kwamba kifuniko cha lenzi bado kipo, na mikanda mingi imerudi mitupu kwa sababu hiyo.

Kuna swichi ya jua na mawingu. Kwenye Holga za zamani haibadilishi chochote: tundu la kupitisha mwanga linabaki na ukubwa uleule, karibu f/13. Kwa hiyo chagua filamu badala ya swichi. Jua kali la mchana, ISO 100 (namba ya wepesi wa filamu kunasa mwanga); mawingu au asubuhi, ISO 400.

Ukiishika dukani, fungua mgongo. Angalia sponji za kukaza mkanda zipo, vibanio vya pembeni vinashika, na ndani hamng'ai (pakining'aa, paka rangi nyeusi isiyong'aa). Bonyeza shata mara 20. Weka swichi ya chini kwenye B, ambapo shata hubaki wazi muda wote unaposhikilia kitufe, ushikilie, uchungulie kupitia lenzi. Kisha irudishe N, ya picha za kawaida. Swichi hiyo husogea yenyewe mkobani, na picha ya juani iliyopigwa kwenye B huungua yote.

Makosa mawili yanaharibu mikanda zaidi ya mengine. La kwanza ni mshale wa kidirisha chekundu cha mgongoni, kinachoonyesha namba ya picha. Ukiweka fremu ya mraba ya sentimita 6 kwa 6, mshale uelekee 12, yaani picha 12 kwa mkanda. Ukiuacha kwenye 16, picha zitapandana. La pili ni mkanda kujiviringisha ovyo hadi mwanga uingie pembeni. Kunja kipande cha boksi la filamu, kichomeke chini ya mkanda mpya ili uvutike kwa ugumu kidogo. Ziba maungio ya mgongo, vibanio na kidirisha kwa selotepu nyeusi ya mafundi umeme, ukiinua ya kidirishani wakati wa kuzungusha tu. Toa mkanda kivulini.

2. Holga za rangi, na CFN

Nyekundu, bluu, njano, waridi: mashine ni ileile, kwa hiyo usilipe mara mbili kwa ajili ya ganda. Herufi ndizo zenye maana. FN ina flashi; CFN ina flashi yenye gurudumu la vichujio vyekundu, vya njano na vya bluu; G ni lenzi ya kioo, na hapo ule ulaini wa pembeni unapungua. Kama ulaini ndio unaoutaka, G si yako.

3. Diana

Hii ni ya miaka ya 1960, Hong Kong pia, mwili mweusi na kichwa cha bluu. Inatumia 120 na kutoa picha 16 za takriban sentimita 4 kwa 4. Ilinakiliwa kwa majina mengi, Banner na Anny yakiwamo, na nakala si lazima iwe mbovu. Plastiki yake ni nyembamba kuliko ya Holga: tafuta nyufa kwenye kona za mgongo. Ukiona Diana ya waridi au nyeupe ambayo lenzi yake inachomoka, hiyo ni Diana F+ ya Lomography, iliyotoka 2007. Inapiga vizuri tu, lakini usiuziwe kwa bei ya ukale.

4. Kodak Brownie Starflash

Kwa sura, hakuna inayoishinda: ilitoka 1957, flashi imejengewa juu ya lenzi, kwa rangi nyeusi, nyeupe, bluu na nyekundu, pamoja na toleo la Coca-Cola ambalo wakusanyaji hulipandishia bei. Nyeusi ndiyo ya kawaida. Nyeupe ichunguze kwenye mwanga wa jua, kwani plastiki nyeupe ya umri huo hugeuka njano na ni vigumu kuirudisha.

Shida ni filamu ya 127, upana milimita 46. Njia ni kuagiza kwa wachache wanaoiuza, au kukata mkanda wa 120 gizani na kuuviringisha kwenye spuli ya zamani, kwa hiyo hakikisha kamera inakuja na spuli yake. Balbu ya flashi huungua mara moja tu, halafu unaitupa. Fungua pia kijumba cha betri: unga wa kijani au mweupe husuguliwa kwa pamba yenye siki kidogo, lakini bati lililokwisha kuliwa halirudi.

Popote ulipo Afrika Mashariki, ulizia studio ya kusafisha 120 kabla hujaagiza yoyote kati ya hizi. Nyingi zilizobaki zilizoea mkanda wa milimita 35. Nyeusi na nyeupe unaweza kuisafisha mwenyewe nyumbani. Ya rangi inadai dawa ikae nyuzi 38 muda wote.