EPRA naipa nyota tatu: uzoefu wa mpangaji wa Nairobi

Wengi wetu EPRA, mamlaka ya Kenya ya kudhibiti kawi na petroli, tunaikumbuka kila tarehe 14, bei ya petroli ikitangazwa na makanga wakipata sababu ya kupandisha nauli. Lakini mamlaka hiyo, iliyoundwa kwa Sheria ya Kawi ya 2019 ikachukua nafasi ya ERC, tume ya kawi iliyokuwepo kabla, ndiyo pia inayoidhinisha bei ya stima, inayowapa mafundi wa stima leseni na inayosimamia mambo ya kubana matumizi ya kawi. Mimi naipima kwa hayo, maana gari sina.

Nianze na palipo pazuri. Nilipohamia Kasarani, nyumba yenye mita yangu mwenyewe, nilishuka Luthuli, barabara ya maduka ya vifaa vya umeme mjini, kutafuta friji. Kanuni za 2016 zinataka friji mpya iwe na lebo ya nyota, na kadiri nyota zinavyozidi ndivyo stima inavyoliwa kidogo. Dukani lebo ilikuwa imefichwa nyuma ya karatasi nyekundu ya ofa. Nikaibandua. "Hiyo ni stika tu, bosi," muuzaji akasema, "angalia ilivyo na nafasi." Mimi nikaangalia yuniti (kilowati-saa) za mwaka, nikagawanya kwa 12. Friji ya yuniti 240 kwa mwaka inakula 20 kwa mwezi. Ya 420 inakula 35. Zikiwa zimesimama pamoja dukani huwezi kuzitofautisha kwa macho, na hakuna tangazo la redio litakalokuambia hivyo. Stika "tu" ndiyo iliyoniambia.

Hizo 35 zina maana yake: zenyewe tu zinakutoa kwenye bei ya chini. Mabadiliko ya bei ya Aprili 2023 yaliwagawa wateja wa nyumbani mafungu matatu: wasiozidi yuniti 30 kwa mwezi, ambao hulipa bei ya chini kabisa, wa hadi 100, na waliopita 100. Awali mpaka wa bei nafuu ulikuwa 100, kwa hiyo watu wengi walijikuta nje bila kuongeza hata balbu. Kinachotazamwa ni wastani wa miezi mitatu, basi ule ushauri wa kwenye ngazi kwamba ukinunua tokeni, zile namba za stima ya kulipia kabla, za shilingi hamsini hamsini unapata yuniti zaidi ni porojo. Kinachosaidia ni kupunguza matumizi yenyewe. Shawa ya umeme ya wati 5,000, kwa mfano, inamaliza karibu yuniti nzima kwa dakika kumi na mbili. Nyumba yenye vijana wanne wanaoimba bafuni isahau bei ya chini.

Na hata ukibana, ujumbe wa tokeni bado utakuchanganya. Chini ya zile tarakimu 20 kuna pesa ya stima, halafu kuna makato mengine: gharama ya mafuta ya kuzalishia umeme, kuyumba kwa shilingi, VAT ya asilimia 16, asilimia 5 ya kusambaza stima vijijini. Ya mafuta na ya shilingi hubadilika mwezi kwa mwezi na huchapishwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali. Sawa, lakini ni mama mboga yupi anayesoma Gazeti Rasmi?

Sasa palipouma. Kabla ya Kasarani nilipanga chumba kimoja mtaa wa Pipeline. Mwenye nyumba alikuwa na mita moja ya kampuni ya stima, na kila mlango ukafungiwa kimita chake cha pembeni. Chukua milango 20, kila mmoja yuniti 25. Kila mpangaji hapo ni mtu wa chini ya 30, ndiye hasa aliyekusudiwa na bei nafuu. Mita kuu lakini inasoma 500, kwa hiyo jengo zima linahesabiwa kama mlaji mkubwa. Juu yake landilodi anaongeza chake, na ukiuliza unaambiwa nyumba ziko nyingi, hama. Jirani yangu aliyezima taa watoto wakishalala tu alilipia yuniti bei ileile na yule kijana wa sabufa hadi usiku wa manane. Hapo mtu anabania nini?

Viwanda na majengo yanayotumia zaidi ya yuniti 180,000 kwa mwaka vilitakiwa na kanuni za 2012 kufanyiwa ukaguzi wa matumizi ya kawi kila baada ya miaka mitatu. Vizuri. Ploti ya vyumba 100 vya namna ile haifiki hata 40,000, kwa hiyo huko hakuna mkaguzi atakayepanda ngazi.

Ndiyo maana nimetoa tatu kati ya tano: lebo imeniokolea pesa, madaraja ya bei yana akili, ila yamepangwa kwa kuhesabu mita badala ya kuhesabu watu. Maoni ya umma kuhusu bei yakiitishwa tena, nitaenda na ombi moja: mita ya pamoja igawanywe kwa idadi ya milango kwanza, ndipo iamuliwe inaingia fungu gani.