Laptopu ya GB 4 inastaki? Usikimbilie flashi, anza na hivi

Mwangaluka wakuu. Kila chuo kikifungua kule Malimbe, Mwanza, napigiwa simu ileile, mtu kamnunulia mdogo wake laptopu ya mtumba mjini, ramu (memori ya kufanyia kazi) GB 4, akifungua Word na Chrome pamoja mashine inastaki mpaka anakata tamaa, halafu kuna mtu kamwambia achomeke flashi ya GB 32 ramu itaongezeka. Jamani flashi haigeuki ramu. Hiyo kitu inaitwa ReadyBoost, Microsoft waliileta na Windows Vista mwaka 2007, na kazi yake ni kuweka kwenye flashi nakala ya mafaili yanayoitwa mara kwa mara ili Windows iyachukue hapo isisubiri diski ya kuzunguka, maana ile diski kichwa chake kinahangaika kutafuta kila kipande, milisekunde 10 na zaidi zinaenda. Inasaidia, ila kidogo.

Kwa hiyo mimi hela yako naipanga hivi.

Namba moja ni ramu yenyewe, hakuna mbadala wake. Kabla hujaenda kwa fundi fungua Task Manager, sehemu ya Performance, bonyeza Memory, utaona sloti ngapi za kuchomekea ramu zimetumika. Jua pia kama mashine ni ya ramu aina ya DDR3, DDR3L au DDR4, maana DDR4 haiingii kwenye sloti ya DDR3 hata uisukume vipi, na mashine ya DDR3L ukiiwekea DDR3 ya kawaida inaweza isiwake kabisa, DDR3L inatumia volti 1.35, DDR3 ya kawaida 1.5. Halafu angalia Windows yako kama ni ya biti 32, hiyo mwisho wake ni GB 4, utaongeza ramu na haitaiona, inabidi upige Windows upya, ya biti 64.

Namba mbili SSD, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka. Kama laptopu bado ina diski ya kuzunguka, na shida yako kubwa ni kuwaka taratibu, hata ningekuelewa ukianza na hii. Ukishaifunga sahau ReadyBoost, Windows yenyewe itakataa, itakwambia diski ina spidi ya kutosha.

Namba tatu sasa ndio tunafika kwenye flashi na wenzake, na naiweka memori kadi mbele. Inazama pembeni ya laptopu, haigongwi kwenye daladala la Nyegezi. Tafuta iliyoandikwa A1 au A2, hizo herufi ndio za maana kuliko GB: A1 lazima isome vipande vidogo 1,500 kwa sekunde, A2 ni 4,000, na ReadyBoost inataka hasa hivyo vipande vidogo, si spidi ya kukopi muvi.

Namba nne flashi ya USB 3 ya kampuni inayojulikana, ichomeke kwenye tundu la bluu kama lipo. Usinunue kubwa sana, ukubwa sawa na ramu yako mpaka mara mbili hivi unatosha, kwa hiyo kwa ramu ya GB 4, GB 4 au 8 basi. Iformati kwa NTFS au exFAT, ukiiacha FAT32 ReadyBoost inaishia GB 4. Kisha bonyeza kitufe cha kulia juu yake, Properties, ReadyBoost kama ipo kwenye Windows yako. Hata ikichomoka ghafla hakuna kazi inayopotea, zile ni nakala tu, na zimefungwa kwa siri, mtu akiiokota hasomi kitu.

Ya mwisho kabisa, na hii naiandika kwa uchungu, ni flashi iliyoandikwa 2TB kwa bei ya sahani ya chipsi. Ndani ina GB chache zilizodanganywa zionekane nyingi, ukivuka pale mafaili yanaharibika kimyakimya, na nimeona mtu riporti ya fildi imekwenda hivyo hivyo.

Ukinunua omba uichomeke palepale dukani, na ukifika ghetto ijaze yote kwa programu ya H2testw uone kama GB zake ni za kweli, ni ya bure. Wa Ukerewe fanyeni hilo kabla ya kupanda meli ya Nansio, kurudi mjini kubadilisha flashi ni nauli mbili.