Bango la matajiri kutoka Nasser Road: karatasi nzuri, orodha mbaya

Nina saluni ya viti viwili hapa Busia, upande wa Uganda, karibu na foleni ya malori yanayosubiri kuvuka. Mteja akikaa kitini anatazama ukuta dakika ishirini nzima, hana pa kugeukia, kwa hiyo ukuta wangu naujali kama ninavyojali mashine. Mwezi uliopita niliona kalenda za zamani zimechakaa, nikapanda taksi, yaani matatu ya abiria kumi na wanne, alfajiri kwenda Kampala kutafuta mabango.

Asiyeijua Nasser Road ajue kwamba ni mtaa wa wachapaji. Kuanzia asubuhi mashine zinanguruma, wino unanukia hadi barabarani, na kila mlango una kitu kimening'inizwa: kadi za harusi, herufi za watoto wa chekechea, timu za Uingereza, marais walio hai na waliokufa, Amin na medali zake. Duka nililoingia silitaji jina. Bango nililonunua linauzwa na wengi pale, na sioni haki kumbebesha Hajjati mmoja aliyeniuzia lawama ya mtaa mzima.

Bango lenyewe limeandikwa MATAJIRI WA DUNIA kwa herufi nyekundu. Sura ishirini, safu nne za watu watano watano, na chini ya kila sura kuna jina, nchi na kiasi cha mali kwa dola. Nililipa shilingi 5,000 za Uganda, nikaongeza 3,000 lifunikwe plastiki. Kwa kazi ya mikono sina malalamiko. Karatasi ni nzito, rangi haijapauka ingawa jua la saa tisa linalipiga moja kwa moja, na plastiki haijaacha hata povu moja. Hajjati alilikunja vizuri ndani ya bomba la karatasi ngumu, akaniambia, "Ssebo (bwana), usilibane na mizigo." Lilifika Busia bila kunjo.

Siku ya tatu alikaa kitini kijana wa S.3, yaani kidato cha tatu, mtoto wa jirani. Nikiwa namchonga nyuma ya shingo akauliza, "Mzee, huyu wa masharubu anauza nini?" Nikadhani anamuulizia Dangote, nikamwambia saruji, sukari, na sasa ana kiwanda cha kusafisha mafuta huko Nigeria. "Siyo huyo. Huyu wa safu ya tatu."

Nikazima mashine, nikasogea ukutani. Pablo Escobar. Na mwisho wa safu hiyohiyo, Joaquín Guzmán, mlanguzi wa dawa za kulevya wa Meksiko, yule wanayemwita El Chapo.

Nilimpa kijana jibu la kweli: huyu alikuwa akiuza kokeni, na aliua watu wengi. Akatazama tena ile idadi ya dola, akasema taratibu, "Kumbe hata hiyo ni biashara." Hakusema kwa utundu. Alikuwa anajifunza kutoka kwenye ukuta wangu.

Usiku nilipofunga nililichunguza bango kwa tochi. Picha ya Escobar ni ile aliyopigwa na polisi wa Medellín, kwao Kolombia, akiwa anatabasamu. Katika picha nzima ameshika kibao cha namba ya mshtakiwa. Mchapaji amekata picha kifuani ili kibao kisionekane, lakini hakukata sawasawa, na ukingo wake umebaki kama mstari mweupe juu ya jina. Nimefanya kazi na wembe miaka kumi na minne, mkato wa makusudi naujua. Aliyekata alijua kwamba kibao kile hakikai pamoja na neno tajiri.

Nilimpigia Hajjati simu. Hakunikasirikia. Alisema wao hawakubuni majina, waliyatoa kwenye orodha za Forbes, jarida la Marekani linalopanga matajiri, za miaka mbalimbali. Na hapo ana haki. Forbes ilipotoa orodha yake ya kwanza ya mabilionea wa dunia mwaka 1987, Escobar alikuwemo, na aliendelea kuwekwa hadi 1993, mwaka aliouawa juu ya paa la nyumba Medellín. Guzmán aliingizwa mwaka 2009 kwa dola bilioni 1, nafasi ya 701. Rais wa Meksiko wakati huo, Felipe Calderón, alilalamika waziwazi, na bado jina likarudi. Lilipoondolewa mwaka 2013, sababu iliyotolewa ni kwamba mali yake haikuweza kuthibitishwa.

Hiyo sababu ndiyo inayoniuma. Kumbe miaka ya nyuma ilithibitishwa na nani? Mwaka 2019 mahakama ya Marekani ilimfunga Guzmán maisha na kumwamuru alipe dola bilioni 12.6. Orodha ilisema bilioni moja, mahakama ikataja zaidi ya mara kumi na mbili, na hakuna aliyewahi kuzihesabu hizo fedha zikiwa mezani. Meyer Lansky, mtu wa magenge ya Marekani, aliwekwa kwenye orodha ya Forbes ya matajiri 400 wa Marekani ya mwaka 1982 kwa dola milioni 100. Alifariki mwanzoni mwa mwaka uliofuata, na familia yake haikuona kitu kinachokaribia kiasi hicho. Kama mimi ningemwandikia mteja risiti ya namna hiyo, angeniita mwongo.

Tena Forbes wenyewe huwaacha nje wafalme na madikteta ambao mali yao imetokana na kiti walichokalia. Wameshakubali kwamba chanzo cha fedha kina uzito. Basi aliyepata fedha kwa bunduki na unga wa kulevya azuiwe mlangoni hapohapo.

Dereva mmoja wa lori, mtu wa Mombasa, alinipinga vikali akiwa kitini. "Kinyozi, ukianza kuchuja, utabaki na bango tupu. Kila tajiri ana lake." Neno lake lilinikaa siku mbili, kwa sababu mimi ni mtoto wa Busia. Mjomba wangu alivusha kahawa usiku kwenda Kenya mwaka 1976, bei ilipopanda baada ya baridi kali kuharibu mibuni ya Brazil. Alipenya askari wa Amin wakiwa tayari kupiga risasi, akasomesha watoto sita kwa magendo yale. Kwa sheria alikuwa mhalifu. Kwa mama yangu alikuwa mlezi.

Lakini hata wazee wetu walijua kutenganisha. Wahindi walipofukuzwa mwaka 1972 na maduka yao kugawiwa watu wa serikali na jeshi, raia hawakuwaita waliogawiwa matajiri. Waliwaita mafuta mingi. Neno moja la mitaani lilifanya kazi ambayo orodha yenye wahariri imeshindwa kuifanya: ulipolisikia ulijua mtu ana mali, na papo hapo ulijua ameipataje. Mjomba wangu naye hakuitwa mafuta mingi hata siku moja. Aliitwa mtu wa magendo, na akaitika.

Kwa hiyo nilimjibu yule dereva hivi. Mali ya mhalifu iandikwe, tena kwa kina, magazetini na mahakamani, watu wajue ukubwa wake. Isiwekwe kwenye safu moja na muuza saruji, ikapewa nafasi ya kushindaniwa. Novemba 1989 bomu la genge la Escobar liliangusha ndege ya abiria ya Avianca, shirika la Kolombia, wakafa wote 107 waliokuwa ndani. Hao ni karibu taksi nane zilizojaa. Mwaka uleule jina lake lilikuwa kwenye orodha ya matajiri. Waliokufa hawapo kwenye bango.

Natoa nyota mbili kati ya tano, zote mbili ni za karatasi na za Hajjati mwenyewe. Nilipomweleza habari ya yule kijana alinyamaza kidogo, kisha akasema naye ana wajukuu. Amekubali kuondoa sura mbili na kuongeza mstari chini ya kila jina: mtu huyu anauza nini. Ila hawezi kupanga kazi upya kwa nakala chache, anataka oda ya hamsini, kila moja 6,000 bila plastiki. Nimeshawapata vinyozi tisa wa hapa Busia na Malaba, na mwalimu mmoja wa Tororo anayetaka nne za darasani. Mwenye ukuta anayehitaji lake apitie saluni kabla ya Ijumaa, Jumamosi naenda Kampala.