Amplifaya ya honi niliyouziwa Kariakoo: taa nyekundu katikati ya hutuba

Nianze na hasira, mengine baadaye. Amplifaya hii ya wati 240 imetuaibisha msikitini siku ya Ijumaa. Khatibu akipandisha sauti tu, ndani ya mashine tak! Honi nne zote, yaani spika za nje, kimya, kitaa chekundu kimewaka. Baada ya sekunde kadhaa sauti inarudi. Akipandisha tena, tak! Waliokaa nje juani waliambulia nusu hutuba.

Nikampigia muuzaji. "Bosi wangu, hiyo wati 240, hata honi kumi inabeba. Umeme wenu ndio mbovu. Weka fyuzi kubwa." Fyuzi kubwa! Fyuzi imewekwa ikatike kabla transista, vile vipande vya ndani vinavyokuza sauti, hazijaungua. Weka kubwa uone: transista zimekwenda, fyuzi nzima kabisa. Jibu hilo lilinichemsha kuliko mashine yenyewe.

Na kosa wala halihitaji tochi. Honi ni za omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani: zikipungua, mkondo unaongezeka), fundi wa duka kaziunga zote nne sambamba kwenye skrubu ya omu 4. Mbili sambamba ni omu 4, nne ni omu 2. Mashine inadaiwa mkondo mara mbili ya iliotengenezewa, basi inajikinga kwa kukata. Wa haraka aunge mbilimbili kwa mfululizo, yaani 16, kisha jozi hizo mbili sambamba: inakuwa 8, afunge skrubu ya 8. Ila honi moja ikikata koili, mwenzake naye ananyamaza.

Halafu moja ya honi hizo nne iko madrasa, mita 80 kutoka kwenye mashine. Kwa waya wa milimita za mraba 0.75 tuliopewa, kwenda na kurudi ni mita 160, karibu omu 3.7. Honi ya omu 8 hapo inapoteza kama theluthi ya nguvu kwa kupasha waya moto tu.

Dawa ilikuwa nyuma ya mashine hiyo hiyo: skrubu ya volti 100. Volti zikiwa juu mkondo unakuwa mdogo, na waya mrefu hauli nguvu nyingi. Kila honi inavalishwa transfoma yake ya laini ya kuzishusha volti hizo, ukachagua wati 30. Nne ni wati 120, mashine inapumua. Hapo hesabu za omu huna haja nazo, jumlisha wati, usivuke kama asilimia 80 ya uwezo. Skrubu za omu ziache wazi, na honi isiyo na transfoma isiguse laini hiyo, koili itaungua.

Tumefunga hivyo. Madrasa inasikika neno kwa neno, kitaa hakijawaka tena. Nilikuwa nimeshaandika "msinunue", nimefuta. Mashine nzuri, nunueni.

Kwa yule bwana, lakini, hapana. Kaniuzia honi nne bila transfoma hata moja. Nilipozifuata dukani akaniuliza, "Za kazi gani tena hizo?" huku akizishusha kutoka rafu ya nyuma ya kichwa chake, zina vumbi la kuandikia jina.