Shampeni ya Sherehe: Ipi Ununue, Ipi Uiache Dukani

Kwetu chochote kinachotoa povu na kurusha kizibo ni shampeni, kama sabuni zote za unga zilivyoitwa Omo. Wafaransa hawana mchezo na jina hilo. Shampeni ni mvinyo wa mkoa wa Champagne tu, kaskazini-mashariki mwa nchi yao, pande za Reims na Épernay. Chupa ya Loire, mkoa mwingine wa Ufaransa, hata itengenezwe kwa utaratibu uleule, itajitafutia jina jingine. Hapo ndipo mnunuzi mjanja anapookoa pesa.

Kwangu namba moja ni Crémant, mvinyo wa povu wa maeneo mengine ya Ufaransa. Mvinyo uliokwisha kuiva hutiwa chupani pamoja na hamira na sukari kidogo, ukafungwa, ukachachuka mara ya pili humohumo, gesi ikakosa pa kutokea. Shampeni nayo hufanywa hivyohivyo. Kinachotofautiana ni ardhi, zabibu na subira: Crémant hulala juu ya mashapo ya hamira angalau miezi 9, ilhali shampeni isiyoandikwa mwaka wa mavuno hukaa chupani si chini ya miezi 15, na yenye mwaka miaka 3. Ukiona Crémant d'Alsace, de Loire au de Limoux, beba. Mara nyingi huko Ufaransa haifiki hata nusu ya bei ya shampeni.

Ukitaka shampeni yenyewe, soma maandishi madogo kwenye lebo. RM maana yake aliyeitengeneza ndiye aliyelima zabibu. CM ni ushirika wa wakulima. NM ni kampuni inayonunua zabibu za wengine. RM naipa namba mbili.

Namba tatu ni majina makubwa: Moët & Chandon iliyoanzishwa mwaka 1743, Veuve Clicquot na wenzao. Wanachanganya mvinyo wa miaka mbalimbali ili ladha isibadilike, basi ni vigumu kukosea, ila matangazo nayo unayalipia. Veuve kwa Kifaransa ni mjane, na jina la Veuve Clicquot ni la mjane kweli. Barbe-Nicole Ponsardin alifiwa na mumewe mwaka 1805 akiwa na miaka 27, akashika biashara. Katika ghala lake ndipo ilipobuniwa meza ya matundu: chupa zinasimamishwa kichwa chini na kuzungushwa kidogo kidogo hadi mashapo yakusanyike shingoni yatolewe. Mtawa Dom Pérignon, ambaye watu humpa sifa zote, hakuvumbua shampeni.

Vin mousseux, yaani mvinyo wa povu, isiyo na jina la eneo iache mwisho. Nyingine zinapigwa gesi tu kama soda. Kama MC atawarushia watu povu, hiyo inatosha kabisa.

Sasa sukari, maana hapa wengi huumbuka. Iliyoandikwa Brut kwenye lebo ina chini ya gramu 12 kwa lita, na ukiinywa na keki ya harusi itakuwa chachu mdomoni. Extra Dry, licha ya jina lake, ni tamu kuliko Brut: gramu 12 hadi 17. Ya kwenda na keki ni Demi-Sec, gramu 32 hadi 50. Kamati za harusi huchagua Brut kwa sababu ndiyo iliyojaa madukani, halafu glasi zinabaki nusu mezani.

Na msiiache kwenye buti la gari. Harusi ya binamu yangu chupa ilishinda humo juani tangu asubuhi. Ilipofunguliwa, nusu iliishia kwenye suti ya MC. Mgandamizo wa ndani ni karibu mara tatu ya tairi la gari dogo. Iweke kwenye barafu na maji kwa nusu saa, legeza waya kwa mizunguko sita ya nusu nusu huku kidole gumba kikiwa juu ya kizibo, inamisha chupa mbali na watu, kisha shika kizibo na uzungushe chupa. Kizibo kitoke kwa pumzi ndogo tu.