Unahama: ubebe kompyuta ya mezani au uiuze ununue laptopu ya mtumba?

Kwa safari yenyewe, laptopu haina mpinzani. Inaingia kwenye mkoba, na kama umeme haujaunganishwa kwenye nyumba mpya, betri itakuvusha saa kadhaa. Bili nayo hupungua, kwa sababu laptopu ya kawaida hula umeme kidogo kuliko kompyuta ya mezani na skrini yake.

Lakini mfuko ukiwa umetoboka, mimi ningebeba ya mezani. Bei ya laptopu ya mtumba haikwambii hali ya betri, na betri za lithiamu huchakaa hata zikikaa bila kutumika. Laptopu nyingi nyembamba pia zina RAM (kumbukumbu ya kompyuta inapofanya kazi) iliyochomelewa kwenye bodi, hivyo huwezi kuiongeza. Ya mezani unafungua skrubu chache, unatoa diski kuu ya zamani inayozunguka, unaweka SSD (diski ya kasi isiyozunguka), na mashine iliyokuwa ikijikokota inaamka. Hiyo ni gharama ndogo sana kuliko kununua upya.

Windows 10, mfumo unaoendesha kompyuta nyingi za zamani, iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na hilo linazihusu zote mbili. Usiuziwe laptopu isiyokubali Windows 11, toleo lililofuata, labda kama uko tayari kutumia Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta.

Anayehamahama kila mwaka achukue laptopu tu. Ukiuza ya mezani, toa diski kwanza, maana kufuta mafaili hakuyaondoi kabisa. Ukiibeba, nakala za mafaili zikae mkobani mwako, si kwenye lori.