TAHADHARI: Programu za kulipia za kubadilisha MXF zinakula hela yako na kuharibu video zako

Wadau wa kushuti na kuhariri, someni hii kabla hamjaingiza namba ya kadi ya benki popote.

Ukitafuta mtandaoni namna ya kuingiza video za kamera kubwa kwenye programu ya kuhariri, iwe ni Sony XDCAM, Panasonic P2 au Canon XF, utakutana na makala chungu nzima zinazofanana kama mapacha. Zote zinakwambia Premiere Pro, Avid au Final Cut Pro haisomi faili za MXF, yaani kasha ambalo kamera hizo huhifadhia picha na sauti, kwa hiyo huna budi kuzibadilisha kwanza. Chini yake kuna kitufe kikubwa cha kupakua. Jina la programu ni jingine na nembo ni nyingine, lakini ukiifungua unakuta dirisha lilelile, menyu zilezile, hata makosa ya tahajia yaleyale.

Madai hayo ni uongo, na biashara yao yote imejengwa juu yake. MXF ni kiwango cha SMPTE, chama cha wahandisi wa filamu na televisheni, kilichotoka mwaka 2004, na kilitungwa mahususi ili kamera, vituo vya televisheni na programu za kuhariri zibadilishane video bila vikwazo. Premiere Pro inasoma MXF za kamera hizo moja kwa moja, na Avid Media Composer nayo inazisoma, ingawa kwa baadhi ya kamera huenda ikahitaji programu-jalizi ya bure ya mtengenezaji. Final Cut Pro inataka tu usakinishe Pro Video Formats, kifurushi cha Apple kinachotolewa bure. Kwa hiyo wengi wanaonunua programu hizi wanalipia tiba ya ugonjwa ambao hawana.

Kupoteza hela peke yake ningevumilia. Kinachoniuma ni hali ambayo video zinatoka nayo. Mpiga video mmoja ninayefanya naye kazi aliniletea mahojiano yaliyopitishwa kwenye programu ya aina hii, akiwa ameilipia leseni iliyoitwa ya maisha. Kamera ilirekodi chaneli nne za sauti: maikrofoni ya mgeni kwenye ya kwanza, ya mwandishi kwenye ya pili, na mbili za akiba. Nilichopokea kilikuwa na chaneli moja. Sauti ya mgeni ipo, maswali ya mwandishi yanasikika kwa mbali kama mwangwi tu. Picha nayo ilishutiwa kwa fremu 25 kwa sekunde, programu ikaipeleka kwenye 30 bila kuuliza. Maana yake kila baada ya fremu tano moja inarudiwa, na ndiyo maana mgeni akigeuza kichwa unaona kigugumizi kidogo kwenye mwendo. Ilikuwa ya biti 10, ikatoka ya biti 8. Hapo kila rangi ya msingi inashuka kutoka viwango 1024 hadi 256, na kwa kuwa ilishutiwa kwa S-Log, mfumo wa Sony unaorekodi rangi zilizofifia ili zisahihishwe baadaye, nilipoanza kusahihisha rangi ukuta wa nyuma ulikatika mistari mistari. Taimukodi, yaani namba ya muda ya kila fremu, ilifutika kabisa.

Na kwenye ukurasa wa mauzo wameandika kwa herufi kubwa kwamba ubora haupotei hata chembe.

Alipodai hela yake walianza kumzungusha. Kwanza walitaka picha ya skrini, halafu faili ya kumbukumbu za programu, halafu wakamshauri anunue toleo la juu zaidi ndipo chaneli zote zitoke. Wakaendelea hivyo mpaka muda wa kurudishiwa hela ukapita. Baadaye akagundua kwamba wakati wa kulipa kulikuwa na kisanduku kilichokwisha kuwekewa alama ya tiki, kinachoidhinisha huduma nyingine ya kila mwaka. Leseni ya maisha, na bado kadi inakatwa.

Kuna mtego mwingine unaowanasa hasa watumiaji wa Panasonic P2. Kwenye kadi ya P2 picha na sauti hukaa kwenye faili tofauti. Ndani ya folda ya CONTENTS kuna VIDEO, AUDIO, CLIP na nyinginezo, na faili ndogo zilizo kwenye CLIP ndizo zinazounganisha vyote. Makala hizi zinakuelekeza ufungue folda ya VIDEO, utoe MXF peke yake na kuiburuta kwenye programu yao. Bila shaka inatoka bila sauti. Hapo ndipo wanapokwambia faili imeharibika na wana programu ya kuitengeneza, inayouzwa kando. Faili haijaharibika. Nakili CONTENTS nzima kama ilivyo, iingize kupitia kivinjari cha programu yako ya kuhariri, na sauti itakuja na picha. Vivyo hivyo kwa folda ya BPAV ya kamera za Sony XDCAM EX na folda ya PRIVATE ya kamera za AVCHD: usichomoe kitu ndani yake.

Sisemi kila anayeuza programu ya kubadilisha video ni tapeli. Wapo waungwana, na wao hawaogopi kupimwa. Chukua klipu moja fupi, ipitishe kwenye toleo lao la majaribio, kisha fungua ya asili na iliyobadilishwa ndani ya MediaInfo, programu ya bure inayoonyesha taarifa za kiufundi za faili. Linganisha idadi ya chaneli za sauti, kasi ya fremu, kina cha biti, na kama kiasi cha taarifa za rangi kimebaki 4:2:2 au kimeshuka kuwa 4:2:0, yaani pungufu. Angalia na ukubwa. Video ya megabiti 50 kwa sekunde inakula takriban megabaiti 375 kwa dakika. Mtu akikurudishia dakika hiyo kwa megabaiti 80 huku akiapa hakijapotea kitu, funga ukurasa wake. Toleo la majaribio lisipokuruhusu kupima hata klipu moja kamili, mimi nisingelipa.

Kama kweli unalazimika kubadilisha, mathalani kompyuta ni dhaifu au programu yako ni ya zamani, zana za bure zipo. Shutter Encoder itakutolea ProRes au DNxHD, miundo ya video iliyo rahisi kuhariri, bila kuandika amri yoyote. Sony wana Catalyst Browse na Canon wana XF Utility kwa kamera zao. Na mara nyingi huhitaji kusimba upya, yaani kuibana video upya. Inatosha kuhamisha picha na sauti zilezile kwenye kasha jingine kwa FFmpeg, programu ya bure inayoendeshwa kwa kuandika amri:

ffmpeg -i klipu.MXF -map 0:v -map 0:a -c copy klipu.mov

Hiyo -map 0:a msiiache. Msipoitaja, FFmpeg huchagua mkondo mmoja tu wa sauti na kuiacha mingine. Nashuku ndicho kilichotokea kwenye yale mahojiano, maana nyingi ya programu hizi zinazouzwa ni FFmpeg iliyovalishwa dirisha zuri.

Aliyekwisha kulipa aingie leo kwenye akaunti yake azime malipo ya kujirudia, kisha aandikie benki kupinga makato, akiambatanisha nakala ya ukurasa wa ahadi zao na barua pepe walizoandikiana. Wala msifute kadi wala diski yenye faili za asili kwa kuwa eti zimeshabadilishwa. Yale mahojiano tuliyaokoa kwa sababu folda ya kadi ilikuwa bado nzima kwenye diski ya akiba, na sauti ya mwandishi ilikuwemo. Mwenye jina la programu anayoitilia shaka aliweke hapa chini pamoja na matokeo ya MediaInfo, ya kabla na ya baada, tuyaangalie pamoja.